Farasi 782 na Keria ya Baba

Mbao mbili, futi nne hivi kila moja, zimelazwa mbele ya tuta la lango. Soja anainama, anazisogeza inchi moja kushoto, anarudi nyuma kupima kwa jicho, kisha anazirudisha kulia. Gari linamsubiri. Halingurumi, halitetemeki. Ningekuwa nimefumba macho, ningekula kiapo kwamba hakuna gari pale.

"Leta, leta, leta... hapo! Sasa polepole."

Bampa likapita juu ya tuta likiacha nafasi ya kidole kimoja. Soja akashusha pumzi, akaokota mbao zake, akaziegemeza ukutani tayari kwa kazi ya kulitoa baadaye.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Bentley Continental GT mpya, Jumamosi moja asubuhi huko Kilimani, katika uwanja anaofanyia shemeji yangu kazi ya kung'arisha magari. Shemeji si wa kupuliza maji na sabuni tu. Ana mashine, ana dawa za aina saba, ana taulo ambazo hata mtoto wake haruhusiwi kuzigusa. Alikuwa amenipigia simu kabla sijamaliza chai. "Shem, wacha hiyo chai. Njoo uone kitu." Nilipofika alikuwa amenawa mikono mara mbili na kuvua saa na pete ya ndoa, maana chuma kikigusa rangi ya gari la namna ile, mshahara wa mwaka umekwenda.

Mwenye gari simjui, na ningemjua nisingemtaja. Lililetwa na dereva wake, kijana mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama kila tunachogusa.

Nieleze kwanza nilichokiona, maana wengi tutaishia kuona picha tu. Mbele, taa zimebadilika. Continental GT tulizozizoea kwenye picha za harusi za watu wazito zilikuwa na taa mbili za duara kila upande, macho manne yaliyokodolewa. Hii mpya ina taa moja tu kila upande, na mstari wa mwanga umeikata katikati kama kope iliyoshuka nusu. Ndani ya taa kuna mikato ya kioo kama ile ya glasi za mama za kabatini, zile ambazo hazijawahi kunywewa na mtu tangu zinunuliwe. Gari linaonekana kama limeamshwa usingizini na linaamua kama utastahili kusalimiwa.

Ndani, dereva aliniruhusu kukaa upande wa abiria baada ya kuniangalia viatu. Matundu ya hewa hayafunguliwi kwa kijigurudumu cha plastiki kama ya Nissan Note yangu. Unavuta kifundo cha chuma, kizito, baridi, kinachotoka polepole kama vile vya kinanda cha kanisa kubwa. Shemeji akanong'ona, "Mwambie abonyeze." Dereva akabonyeza kitufe, na kioo cha katikati, kile cha ramani na muziki, kikazunguka na kuzama ndani ya dashibodi. Mahali pake pakatokea sura tatu za duara kama saa za ukutani: kipimajoto, dira na saa ya kupimia muda. Dira ikatikisika kidogo ikatulia. Pua ya gari ilikuwa imeelekea kaskazini-magharibi, upande wa Naivasha. Nilikuwa sijaanza kufikiria haya ninayoyaandika, lakini nadhani yalianzia pale.

Tuseme habari ya injini, maana najua kuna wasomaji waliokwisha ruka aya tatu kuitafuta. Chini ya boneti kuna V8, yaani silinda nane, ya lita 4 yenye turbo mbili, ambayo peke yake inatoa nguvu za farasi 600. Ndani ya giaboksi ya gia nane wamepachika mota ya umeme ya farasi 190. Zikivuta pamoja unapata farasi 782 na torki, ile nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya Nm 1,000. (Ndiyo, nimeona kwamba 600 na 190 si 782. Mota na injini hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. Usinitumie ujumbe.) Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 3.2, na ukiliachia barabara inayoruhusu litaishia kilomita 335 kwa saa. Uzito wake ni kilo 2,459: Probox mbili na mizigo yake.

Lilipotangazwa Juni 2024, wapenzi wa magari walikaa matanga kidogo. Tangu Continental GT ya kwanza ya 2003, miaka mitano baada ya Volkswagen kuinunua Bentley, jina hilo lilikwenda pamoja na injini ya W12, silinda 12 zilizopangwa kwa mtindo uliokuwa na watu wake. Julai 2024 W12 ya mwisho ikatoka kiwandani Crewe, Uingereza, na hiyo ikawa basi. Kizazi hiki cha nne kina silinda nne pungufu na betri moja zaidi. Mimi sikuvaa nguo nyeusi. Gari jipya lina nguvu kuliko W12 yoyote waliyowahi kuiweka kwenye Continental GT, na mtu anayelilia silinda wakati farasi wameongezeka namfananisha na anayelilia sufuria kubwa wakati wali umezidi.

Lakini kuna kitu kilinisumbua, na hakikuhusu silinda.

Herufi G na T, ambazo siku hizi zinabandikwa nyuma ya magari ya kila namna hata yasiyo na haya, ni Kiitaliano: gran turismo. Safari kubwa. Gari la GT tangu zamani halikuwa gari la mashindano, wala halikuwa gari la kuendea ofisini. Lilikuwa gari la mtu anayetaka kula chakula cha asubuhi katika nchi moja na cha usiku katika nchi nyingine, afike na shati lisilo na makunyanzi, na masanduku yake yawe nyuma. Kasi ilikuwepo ili umbali ufupike, na starehe ilikuwepo ili kasi isikuchoshe. Kwa maneno mengine ni gari la safari, na safari ni neno letu. Tuliipa dunia neno hilo, wakalipeleka hadi kwenye kofia, suruali na mabiskuti, na hadi leo hatujalipwa hata senti ya jina.

Hadithi ambayo watu wa Bentley huipenda kuliko zote ni ya Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni wakati huo, tajiri aliyerithi fedha za almasi za Kimberley, Afrika Kusini. (Kila hadithi ya gari la kifahari la Uingereza ukiifukua vizuri unakuta shimo lililochimbwa Afrika.) Machi 1930 alikuwa Cannes, kusini mwa Ufaransa, akaweka dau la pauni 100 kwamba ataingia klabu yake London kabla treni iliyoitwa Le Train Bleu haijafika Calais. Akawasha Bentley yake aina ya Speed Six, akapita usiku wa mvua na ukungu, akavuka bahari kwa meli, na inavyosimuliwa alifika zikiwa zimebaki dakika nne. Kwa miaka mingi picha za tukio hilo zilichorwa na gari moja zuri sana la milango miwili, paa limeshuka nyuma kama bega la swala. Baadaye ikabainika kwamba gari hilo lilikuwa halijamalizwa kutengenezwa siku ile. Barnato alikuwa na gari la kawaida la familia, la milango minne. Lakini nani atachora milango minne?

Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika na kununuliwa na Rolls-Royce. Ilichukua hadi 1952 ndipo jina Continental likabandikwa kwenye R-Type, gari la kubeba watu wanne na mizigo yao kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa bila kuhema, wakati ambapo magari mengi yalihema kufika 100. Walitengeneza 208 tu. Angalia maneno hayo: watu wanne, na mizigo yao. Yaweke kando, tutayarudia.

Sasa mimi ni mtoto wa dereva. Baba aliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Nakuru na Nairobi kwa miaka ambayo sasa akiihesabu hukosea, kila mara ikizidi. Ile ya siti tatu za kufuatana, watu saba kwa karatasi, na kwa siku ya Ijumaa tuseme saba na watoto. Gia ilikuwa kwenye usukani. Juu kulikuwa na keria iliyochomelewa na fundi wa jua kali, vyuma vizito vilivyopakwa rangi ya fedha, na keria ile ndiyo iliyotulisha. Abiria alilipa nauli, lakini keria ilibeba viazi, magodoro, baiskeli, matenga ya kuku waliopiga kelele hadi Gilgil kisha wakanyamaza kwa upepo, na mara moja jeneza tupu ambalo Baba alilifunga kwa kamba tatu na hakutaka mazungumzo njia nzima.

Gari lile nalijua kwa mgongo wangu, maana likizo zangu nyingi nilizimalizia ndani yake. Barabara ikiharibika, 504 ilikuwa na namna ya kuinama na kuinuka kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua sababu: gari la abiria la 504 lilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, na zilikuwa na nafasi ndefu ya kushuka na kupanda. Wafaransa walilitengeneza kwa ajili ya barabara mbovu za mashambani kwao, likaja kukuta barabara mbovu za mashambani kwetu na likaona hakuna tofauti. Bentley mpya ina springi za hewa zenye vyumba viwili na kompyuta inayozima mtikisiko kabla hujaugundua. Sina shaka ni bora. Lakini nilipokaa kwenye siti ile ya Kilimani, ngozi laini, kiti kimenishika mbavu kama mkono wa nesi, nilijikuta nangoja kuinama kule. Gari lilikuwa limesimama, najua. Mgongo haukujua.

Baba alipenda barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Wengi waliiogopa kwa sababu ya mteremko na malori. Yeye alisema mteremko unaogopwa na wasioujua. Alishuka kwa gia, mkono wa kushoto ukicheza na kile kijiti cha kwenye usukani, breki akiigusa kama anayegusa pasi kujua kama imepata moto. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili Bonde la Ufa lote limefunguka hadi mlima Longonot, na ndani ya gari watu saba wamenyamaza ghafla. Kule chini ya mteremko kuna kanisa dogo la mawe, dogo kiasi kwamba kwaya ikiingia waumini hawana pa kukaa. Barabara ile na kanisa lile vilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kanisa ni la 1942. Utoto wangu wote nimelipita nikihesabu msalaba wake kama alama ya kwamba tumbo linaweza kutulia sasa. Na juzi tu, nikiwa na zile herufi mbili kichwani, ndipo liliponijia: Waitaliano walioupa ulimwengu jina gran turismo ndio hao hao waliochonga kwa mikono, kwa lazima, kipande cha barabara ambacho hadi leo kinalistahili jina hilo kuliko barabara yoyote inayotoka Nairobi.

Na usidhani magari ya GT hayakuwahi kuja kupimwa hapa. Mbio za Safari zilianza 1953, na kwa miaka mingi zilikuwa za Pasaka: nusu ya nchi kanisani, nusu nyingine kando ya barabara kwenye matope. Shekhar Mehta wetu alishinda mara tano, na ya kwanza, 1973, aliishinda ndani ya Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti ndefu ambalo popote pengine lingekuwa la kumpelekea mchumba maua. Lakini gari ambalo Baba huliota hadi leo ni la 1978. Mwaka huo mshindi alikuwa Mfaransa, Jean-Pierre Nicolas, ndani ya Peugeot 504 Coupé ya V6, ile ya milango miwili, mwili wake umechorwa na Pininfarina wa Italia. Coupé! Ndugu tajiri wa lile gari letu la kubebea kuku. Baba alikuwa kijana bado, utingo, hajashika usukani wa mtu. Anasimulia kwamba lilipita mbele yake limepakwa matope hadi kwenye vioo, na bado alilitambua kwa mlio. "Nikasema, hili ni letu, wamelivalisha suti." Wiki ile ile, anasema, ndipo alipokwenda kuomba kufundishwa udereva.

Kwa hiyo ninaposema Nairobi ni mji wa gari la safari kubwa, sizungumzi kwa majivuno. Tuna neno, tuna mteremko, tuna ushindi. Tunachokosa ni gari la GT linalokwenda popote.

Nilimwuliza yule dereva wa shati la pasi: linakwenda wapi hasa? Akafikiri. Ofisini Westlands. Gigiri kwa mikutano. Karen Jumapili. Uwanja wa ndege. Nikamwuliza kama limewahi kushuka Naivasha. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama limewahi kuogelea. "Madam, ile barabara ya malori? Na kokoto? Naivasha tunaenda na Land Cruiser."

Basi piga hesabu. Betri ya gari hili ni ya kWh 25.9, na kwa vipimo vya Ulaya inalitembeza kilomita 81 kwa umeme peke yake, na linaweza kufika mwendo wa 140 kwa saa bila V8 kuamshwa. Karen hadi Westlands na kurudi hufiki hata nusu ya umbali huo. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni kilomita 27 kwa jumla, na kikomo chake ni 80 kwa saa: hujafika hata robo ya kasi ambayo gari hili linaiweza. Ukitoka nje ya mji kikomo cha juu kabisa ni 110. Ukiwa umelichaji usiku, na mwenyewe analichaji kila usiku, mji huu wote unatoshwa na ile mota ndogo. Dereva akakiri kwa sauti ya chini kwamba tangu Jumatatu injini iliwaka mara moja tu, na ni kwa sababu bosi alikuwa na wageni waliotaka kuisikia.

Farasi mia sita wamelala zizini, na kazi anafanya punda wa umeme. Sisemi hivi kwa dharau. Kwa kweli ndicho kitu nilichokipenda zaidi asubuhi ile: gari la bei ile likapita kimya kati ya matatu mbili zilizokuwa zikishindana kwa muziki, na hakuna aliyegeuka. Na huo umeme wenyewe, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, na mvuke huo hutoka Olkaria, pale pale Naivasha, chini ya mteremko ambao gari halithubutu kuushuka. Gari limekataa kwenda Naivasha. Naivasha inakuja kwake kila usiku kwa waya.

Kuhusu bei nitapita haraka, maana si mimi wala wewe. Uingereza toleo hili, liitwalo Speed, lilianza kuuzwa kwa zaidi ya pauni 230,000. Ukileta Kenya gari la petroli la injini kubwa, ya zaidi ya lita tatu, unapigwa ushuru wa forodha asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 35 juu ya jumla hiyo, kisha VAT asilimia 16 juu ya jumla mpya, kisha tozo ndogo ndogo za tamko la uagizaji na reli. Kodi zinavuka bei ya gari lenyewe. Nilijaribu kuikokotoa nyuma ya risiti ya supamaketi, hesabu ya kukisia tu, nikaona tarakimu zinaelekea makumi ya mamilioni ya shilingi, nikageuza risiti upande wa mbele kuangalia kama unga umepanda tena. Umepanda.

Lile tuta la Kilimani, kwa njia, halikuwekwa na mjuzi yeyote. Ni kama yale ya mtaani kwangu, yanayoota usiku kama uyoga. Mwaka jana moja lilining'oa ekzosi ya Note, saa moja jioni, mvua inanyesha, na waliolijenga hadi leo hakuna anayejitokeza kulikubali kama mtoto wake. Nilifunga ekzosi kwa waya wa kuning'inizia nguo nikafika nyumbani nikinguruma kama V8. Natamani mwenye Bentley ajue kwamba kwa usiku mmoja nilikuwa na sauti kumzidi.

Tulipokaribia kumaliza, shemeji alifungua buti ili asafishe kingo. Nikasogea. Hapo ndipo yale maneno ya 1952 yaliponirudia, watu wanne na mizigo yao. Betri imewekwa nyuma, chini ya sakafu ya buti, na wahandisi wana sababu nzuri: uzito umegawanyika 49 mbele na 51 nyuma, na gari linapinda kona kama lisilo na zile tani mbili na nusu. Lakini nafasi ya mizigo imepungua kutoka lita 358 za gari lililotangulia hadi lita 260. Buti la Note yangu halioni aibu mbele yake. Niliingiza mkono nikapima kwa shubiri, kama Mama anavyopima mlango kabla ya kununua kabati. Begi mbili ndogo za magurudumu zinaingia. Ya tatu unaipakata. Na zile siti mbili za nyuma zitakaliwa na watu ambao magoti yao yako tayari kusamehe.

Nadhani ndicho kilichonisumbua tangu mwanzo. Kila kitu ndani ya gari hili kimeboreshwa, isipokuwa kile kilichowahi kulipatia jina lake. Limekuwa na nguvu zaidi, kimya zaidi, safi zaidi, na kwa petroli na betri pamoja wanasema linakwenda kilomita 859 kabla ya kujaza, yaani Nairobi hadi Mombasa na karibu kurudi. Linaweza safari. Ila halitegemei kwamba utafunga mizigo.

Dereva alisaini daftari la shemeji, akamwachia soja noti ya mia mbili kwa ajili ya mbao, na gari likatoka kama lilivyoingia, bila sauti. Shemeji alibaki ameshika taulo, akilitazama hadi kona. "Shem," akasema, "nimeling'arisha kwa muda wa saa tatu na nusu na sijalisikia hata likikohoa."

Wiki iliyofuata nilikwenda Njoro kumwona Baba. Alikuwa chini ya mti, redio mapajani. Nikampa simu yenye picha. Akavaa miwani, akaipanua picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akaanza na taa, akapita kwenye rimu, akakaa sana kwenye mabega ya nyuma ya gari, pale bodi inapovimba juu ya gurudumu.

"Hili ni la watu wangapi?"

"Wanne, Baba. Ila wa nyuma wawe wafupi."

"Na buti?"

"Lita 260."

Akashusha miwani. "Lita? Kwani linabeba maziwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye picha, akaisogeza juu, akaisogeza chini, akaipanua tena hadi paa lote likajaa kioo cha simu, jeusi, linang'aa kwa kazi ya shemeji, halina hata mkwaruzo.

"Mama, keria yake iko wapi?"

Nikamwambia haina.

Akanyamaza kidogo, akanirudishia simu, akaniuliza kama nimekula.